Kahawa ya kijiweni, ya kopo, ya mashine au chai: ipi ikufae wewe?

Kikombe cha kahawa ya kijiweni kinaingia mililita 60. Nilikipima mwenyewe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lile la kumnyweshea mtoto dawa, siku niliyochoka kubishana na baba mdogo kuhusu usingizi wake. Baba mdogo akishaswali isha huketi barazani na wenzake, hunywa vikombe vinne, hurudi nyumbani saa nne, kisha huanza kulalamika kwamba usingizi umemkimbia. Nikimtajia kahawa hunijibu, "Vikombe vyenyewe si ndivyo hivi vya kidole, mwanangu?"

Nikamwendea muuzaji.

"Shikamoo, mzee. Birika moja unatia kahawa kiasi gani?"

"Marahaba. Vijiko kumi vya kula, vya kufuta."

Birika lake hutoa vikombe 25 hivi. Kijiko cha kula cha kufuta hubeba kama gramu 5 za unga wa kahawa, basi hapo pana gramu 50. Kahawa yake hutoka Bukoba, ni ya aina ya robusta, na robusta ina kafeini, kile kinachofukuza usingizi, ya kama asilimia 2 ya uzito wake, yaani miligramu 20 kwa kila gramu. Gramu 50 ni miligramu 1,000. Gawanya kwa vikombe 25 unapata miligramu 40 kwa kikombe, kama yote imetoka kwenye unga; na kahawa inayokaa juu ya mkaa jioni nzima haibakizi nyingi. Vikombe vinne ni miligramu 160. Kopo la nusu lita la kinywaji cha kuongeza nguvu, lile ambalo baba mdogo humkataza mwanawe wa bodaboda asiliguse, lina 160 vilevile.

Tangu siku ile watu wananiuliza waache kipi na washike kipi. Jibu moja la kuwafaa wote silioni, ila njia ya kuchagua ipo.

Tuangalie nini kabla ya kuchagua

Kwanza kafeini yenyewe: kiasi gani, na saa ngapi. Mchana kutwa ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Kafeini hukalia viti vya adenosini. Uchovu haujaondoka, umefungiwa mlango tu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, katika tathmini yake ya mwaka 2015, ilisema mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku, na hadi 200 kwa mkupuo mmoja, bila wasiwasi. Mjamzito na anayenyonyesha wasipite 200 kwa siku. Nusu ya kafeini huchukua kama saa 5 kutoka mwilini, ingawa watu hutofautiana sana. Baba mdogo akimaliza vikombe vyake saa 3 usiku, saa 8 usiku bado ana miligramu 80 mwilini. Ni sawa na mtu aliyeamshwa usiku wa manane akapewa kopo dogo la kuongeza nguvu, kisha akaambiwa alale.

Pili ni mafuta ya kahawa. Ndani ya unga wa kahawa mna kafestoli, mafuta yanayopandisha kolesteroli mbaya. Yataingia kikombeni au yatabaki nje kutegemea namna ya kupika, wala rangi ya kahawa haikuambii kitu.

Tatu ni tumbo na damu. Kahawa huchochea asidi ya tumbo, na kwa baadhi ya watu hulegeza mlango wa juu wa tumbo, ndipo kiungulia hupanda. Vidonda vya tumbo haivileti. Hivyo kwa kawaida huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au dawa za maumivu zinazonywewa ovyo. Lakini mwenye vidonda tayari inaweza kumchokoza. Kuhusu damu, kahawa na chai zote huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mchicha na vidonge vya kuongeza damu.

Nne ni sukari. Shirika la Afya Duniani hupendekeza tusipite asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ingekuwa vizuri zaidi tubaki chini ya 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko 6 vya chai.

La tano ni moto wa kinywaji, jambo lisilotajwa kabisa huku kwetu. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiondolea kahawa shaka ya saratani ya kibofu iliyokuwa imebandikwa tangu 1991. Papo hapo likaviweka vinywaji vya moto sana, vinavyopita nyuzijoto 65, kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kuleta saratani ya umio, njia ya chakula ya kwenda tumboni. Na mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazosumbuliwa sana na saratani hiyo.

Kahawa chungu ya kijiweni

Kafeini yake inategemea mkono wa mpishi na asili ya buni. Birika lile lile likipikwa kwa arabika ya Kilimanjaro au Mbinga, yenye kafeini ya kama asilimia 1.2, kikombe hushuka hadi miligramu 24 hivi. Kwa hiyo swali la "kahawa yako ya wapi?" lina maana kubwa kuliko swali la "nimekunywa vingapi?"

Kwa upande wa mafuta, hapa ndipo kahawa ya kuchemsha inapodaiwa zaidi. Watafiti wa Norwei walilibaini hilo miaka ya 1980: wanywaji wa kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa kwa karatasi walikutwa na kolesteroli ya juu kuliko wenzao. Vikombe vyetu ni vidogo, kwa hiyo dozi nayo ni ndogo, lakini mwenye kolesteroli ya juu anayekunywa vitano au sita kila siku aliweke jambo hili akilini. Yale mashapo ya chini usiyamalize.

Sukari haimo, na hiyo ni heri kubwa. Angalia tu ile kashata ya pembeni, kwa maana wapo wanaokunywa kahawa chungu kwa ajili ya kashata. Tende moja mbili, kama wafanyavyo ndugu zetu wa Oman na kahawa yao ya iliki, ni nafuu zaidi.

Moto ndio unaonitia hofu. Dele linatoka juu ya makaa, kikombe kimesuuzwa kwa maji ya moto, na mnywaji anaifyonza kwa sauti ili asiungue. Ukihitaji kuifyonza namna hiyo, bado ina moto mno. Kiweke kikombe ukutani, sikiliza hoja ya mwenzako hadi mwisho, ndipo unywe.

Inamfaa anayependa ladha kali bila sukari, mwenye fedha kidogo, na anayeweza kumaliza kabla ya magharibi. Naongeza la moyoni: kwa wazee wengi baraza ile ndiyo mazungumzo pekee ya siku. Sitamwambia mtu aiache baraza. Nitamwambia apunguze vikombe.

Kahawa ya kukoroga, ya kopo au ya pakiti

Hii ndiyo rahisi kuhesabu. Kijiko kimoja cha chai, gramu 2 hivi, hutoa kama miligramu 60 za kafeini, na kijiko kiko mkononi mwako. Mafuta ya kafestoli karibu hayamo. Tumboni haina tofauti kubwa na kahawa nyingine.

Penye kasoro ni kwenye zile pakiti ndogo zilizokwisha kuchanganywa na maziwa ya unga. Geuza pakiti usome viambato: kinachotajwa kwanza ndicho kilicho kingi, na mara nyingi utakuta ni sukari. Kopo la kahawa tupu, kama inayotengenezwa na TANICA kule Bukoba, hukuachia wewe uamuzi wa sukari na maziwa.

Inamfaa anayetaka kikombe kimoja asubuhi bila vyombo vingi, mwanafunzi wa bwenini, na mtu anayejifunza kupunguza, maana kutoka kijiko kizima hadi nusu ni jambo la kupima kwa macho.

Za mashine: espreso, kapuchino na ya chujio

Espreso moja, mililita 30 tu, ina kama miligramu 63. Kapuchino ni espreso hiyo hiyo iliyotiwa maziwa, hivyo kikombe kikubwa chenye povu si kikali kuliko kile kidogo cheusi. Uliza kama wametia moja au mbili. Kahawa ya chujio, inayodondoka kupitia karatasi, hufika miligramu 95 hivi kwa kikombe cha mililita 240. Wanaoiona nyepesi kwa sababu haichomi ulimi hujikuta wamekunywa vikombe vikubwa vitano na mikono inatetemeka.

Kwenye mafuta, ya chujio ndiyo safi kuliko zote zinazopikwa kwa unga: karatasi huyashika. Kichujio cha waya cha chai hakiyashiki. Espreso ina kiasi fulani, lakini kikombe chake ni kidogo.

Kuna faida pia, na ni haki kuitaja. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuta kwamba wanywaji wa vikombe vitatu hadi vinne kwa siku walikuwa na maradhi machache ya ini, ya moyo na kisukari cha ukubwani kuliko wasiokunywa. Tafiti hizo ziliwafuatilia watu katika maisha yao ya kawaida, hivyo haziwezi kuthibitisha kwamba kahawa ndiyo iliyowakinga. Kwa asiyekunywa, hiyo si sababu ya kuanza. Kwa anayekunywa, ni sababu ya kutoishi na hofu.

Bei ya mgahawani ndiyo kikwazo. Kapuchino moja hununua kahawa ya kijiweni ya watu wengi. Lakini chujio la karatasi na unga wa arabika nyumbani si ghali hivyo. Inamfaa mwenye kolesteroli ya juu asiyetaka kuachana na kahawa halisi.

Chai ya rangi na chai ya maziwa

Kikombe cha kawaida cha mililita 240 kina kafeini kama miligramu 40 hadi 50, na majani yakichemka muda mrefu huzidi. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi sinywi kahawa kabisa" huku akinywa vikombe vikubwa vinne vya chai iliyokolea, kafeini anayo, tena ya kutosha.

Chai haina yale mafuta. Lakini kwenye damu ndiyo inayotuangusha zaidi, kwa sababu huku kwetu chai huandamana na chakula: chapati na chai, maharage na chai. Madini ya chuma ya maharage yale yanafungwa na chai kabla hayajafyonzwa. Mama mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki akavimeza kwa chai ya rangi, hupoteza sehemu ya kile alichoendea. Ameze kwa maji, au kwa maji ya chungwa, na chai ingoje saa moja au zaidi.

Sukari nayo. Vijiko vitatu kwa kikombe, mara vikombe vitatu, ni tisa. Kiasi kile cha vijiko sita umekwisha kukipita, na chakula hujakihesabu. Tangawizi na iliki huziba pengo la sukari vizuri. Punguza nusu kijiko kila wiki na ulimi utafuata.

Inamfaa anayesumbuliwa na mapigo ya moyo akinywa kahawa, na familia inayotaka kinywaji kimoja mezani. Watoto wadogo wapewe maziwa au uji.

Kopo la kuongeza nguvu

Kopo la mililita 250 kwa kawaida lina kafeini miligramu 80. Hilo peke yake halizidi kikombe kimoja cha kahawa ya chujio, na haki lipewe. Tatizo ni sukari, gramu 27 hivi katika yale ya kawaida, karibu vijiko 7 vya chai; na ubaridi wake, kwa kuwa kitu baridi na kitamu hunyweka kwa dakika moja. Kahawa ya moto hukulazimisha kwenda polepole. Mafuta ya kafestoli hayamo na moto haumo.

Likichanganywa na pombe huwa hatari ya aina nyingine: kafeini humficha mlevi ulevi wake, akajiona yu sawa, akashika usukani. Na pamoja na mirungi moyo unapigwa viboko viwili.

Linaweza kumfaa mtu mzima mwenye afya, kopo moja dogo, mara mojamoja. Halimfai mtoto wala kijana wa shule.

Kahawa iliyotolewa kafeini, na mchaichai

Ya kwanza hupatikana kwenye maduka makubwa ya mijini na hubaki na miligramu 2 hadi 15 tu kwa kikombe. Asidi ya tumbo bado huchochea, basi mwenye kiungulia asitarajie muujiza. Mchaichai uliochemshwa bila majani ya chai hauna kafeini kabisa, na unaota uani. Hizi mbili ni za usiku, na za anayetaka kikombe cha moto mkononi bila deni la usingizi.

Mambo yanayoivuruga hesabu

Sigara huharakisha kafeini kutoka mwilini. Aliyeacha sigara leo akaendelea na kahawa ile ile, ataona imekuwa kali ghafla, apunguze. Vidonge vya uzazi wa mpango na ujauzito hufanya kinyume: kafeini hukaa zaidi, na miezi ya mwisho ya mimba nusu yake inaweza kuchukua saa 15 kutoka. Dawa ya siprofloksasini, inayotolewa sana kwa maambukizi ya mkojo na homa ya matumbo, huizuia kafeini isivunjwe na ini. Siku za dozi hiyo kunywa kidogo sana au acha. Dawa ya tezi ya shingo haifyonzwi vizuri ikimezwa na kahawa.

Na ipo kafeini isiyoonekana. Baba mdogo, akishakosa usingizi, huamka na kichwa kizito akameza vidonge viwili vya Panadol Extra. Siku moja tulikaa naye tukasoma pamoja maandishi ya pakiti: kila kidonge, miligramu 65 za kafeini. Vidonge viwili ni 130, usiku wa manane, juu ya zile 80 zilizokuwamo. Aliishika pakiti ile muda mrefu. Sasa hutumia paracetamol isiyo na kafeini, na baada ya isha hunywa kikombe kimoja.

Kwa hali yako

Kama shida yako ni usingizi, usianze kwa kubadili kinywaji, badili saa. Utafiti mmoja wa 2013 uliwapa watu miligramu 400 saa 6 kabla ya kulala, wakapoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi. Kikombe cha mwisho kiwe saa 8 mchana, na barazani jioni kaa na mchaichai.

Mwenye presha ajipime kabla ya kahawa, kisha nusu saa na saa moja baadaye, kwa siku tatu nne tofauti, aandike namba na kumpelekea daktari wake. Wapo ambao haibadiliki, na wapo ambao hupanda waziwazi. Presha ikiwa juu sana na haijatulizwa, vikombe viwe vichache hadi itulie.

Mwenye kolesteroli ya juu achague ya chujio la karatasi au ya kukoroga. Mwenye upungufu wa damu aiondoe chai na kahawa mezani wakati wa chakula, azinywe kati ya mlo na mlo. Mwenye kisukari atafaidika na kahawa chungu bila kashata kuliko na chai ya vijiko vitatu. Mjamzito, kwa birika la robusta kama nililolipima, vikombe vinne vidogo humfikisha 160. Chai moja juu yake imemaliza siku.

Dereva wa usiku anayesinzia aegeshe gari, anywe kahawa moja, kisha afumbe macho dakika 20 wakati kafeini inapanda. Akiamka bado mzito, safari ingoje.

Na kwa wanaofunga: kile kichwa cha siku za mwanzo za Ramadhani, kinachoanza mchana na kugonga hadi magharibi, mara nyingi ni kafeini inayodai. Huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho na huweza kudumu zaidi ya wiki. Wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, ondoa kikombe kimoja kila baada ya siku tatu, ukianzia na cha usiku. Kitakachobaki, kimoja kidogo, kihamishie kwenye daku, na maji mengi pembeni yake.